Rogathe wa Sauti ya Tatu

Kwa miaka ishirini na mitatu Rogathe Mrutu alipiga kando ya wimbo, si wimbo wenyewe. Katika kikundi cha tarumbeta cha Walutheri wa Mhezi, huko juu kwenye milima ya Upare, wengine walipewa sauti ya kwanza, ile ambayo waumini huondoka nayo midomoni hadi mashambani. Yeye alipewa ya tatu. Sauti ya tatu hakuna anayeitambua mpaka siku isipokuwepo, ndipo watu husema ibada ya leo ilikuwa na baridi, wasijue ni kwa nini.

Alipewa sauti hiyo kwa sababu ya chombo, na chombo alipewa kwa sababu ya mkosi. Marafiki wa usharika kutoka Ujerumani walileta sanduku la vyombo, na katikati ya tromboni na tarumbeta ilikutwa saksofoni moja ya tena, yaani ya sauti ya tatu, ambayo hakuna aliyeiagiza. Mwalimu Zephania, kiongozi wa kikundi, aliigeuza huku na huku kama mtu aliyeletewa mbuzi mwenye pembe tatu. Tarumbeta, alisema, hupulizwa kwa midomo juu ya chuma, kama walivyopuliza wazee waliomfundisha. Hii ina ulimi wa mwanzi. Akamtazama msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa mwisho wa mstari, asiye na chombo, akampa. Basi, ndivyo ilivyokuwa.

Sasa Rogathe ana miaka thelathini na tisa. Ni karani wa mizani kwenye machimbo ya jasi, Makanya, bondeni, mahali ambapo mvua huonekana kwa macho ikinyesha milimani na isiteremke. Malori yanapita juu ya mizani yake meupe kwa vumbi, na yeye anatoka kazini jioni akiwa mweupe nyusi hadi viatu. Mumewe Wilbard ni fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge. Mchana, saa ya chakula, wenzake wakienda kwa mama lishe Kuluthumu kula makande, Rogathe huingia kwenye shimo la zamani lililokwisha kuchimbwa, akapuliza. Kuta za jasi zinarudisha sauti vizuri kuliko kanisa. Na kila Jumamosi hupanda lori la tangawizi linalorudi tupu, akafika Mhezi kabla ya zoezi.

Huenda angeishi hivyo hadi uzee. Lakini mwaka jana, baada ya sikukuu ya mavuno, Mwalimu Zephania alisimama mbele ya kikundi akatangaza kwamba kamati imekubaliana na usharika wa jirani kubadilishana vyombo. Wao wana tromboni ya ziada. Mhezi ina saksofoni isiyofanana na wenzake. Rogathe atapewa tromboni, atafundishwa, atazoea. Mabadilishano yatafanyika mwezi ujao.

Rogathe aliteremka mlima amebeba saksofoni mapajani kama mama anayempeleka mtoto hospitali.

Aliyeona kesho yake kwamba hayuko sawa alikuwa Ernest, dereva wa kijiko, ile mashine ya kuchotea jasi, mtu wa Urambo. Zamani, kabla ya kuja kuchimba jasi, Ernest alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi iliyozunguka Tabora, Mwanza na Shinyanga hadi ilipokufa kwa kukosa wapigaji. Amebaki na gitaa kavu, lisilotumia umeme, lenye nyufa, na daftari. Alimwuliza Mama Mizani, kama walivyomwita wote machimboni, kulikoni. Alipoelezwa alifikiri kidogo, akatoa simu, akamwonyesha ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye kundi la wanamuziki wa zamani.

Redempta, mpiga kinanda mzaliwa wa Bukoba, aliyepiga jazi Dar es Salaam, Nairobi na miji mingine ya mbali zaidi, alikuwa na bendi ya watu wanne na sasa wamebaki watatu. Mpiga saksofoni wake ameondoka. Bendi ingepita Same ikielekea Moshi na Arusha, na siku hiyo, Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa hoteli moja kando ya barabara kuu, angesikiliza yeyote mwenye saksofoni. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

"Jazi naijua kwa majina ya bendi tu," Rogathe alisema.

"Hata sisi tulijiita jazi tukapiga rumba. Hii ni jazi yenyewe. Inataka usimame peke yako ubuni wimbo palepale, watu wakisikia."

"Mimi ni sauti ya tatu, Ernest."

"Basi nenda kajifunze tromboni."

Jumamosi iliyofuata Rogathe alipanda Mhezi mapema. Alimkuta Mwalimu Zephania akipalilia kahawa, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza haja yake akiwa amesimama. Mzee alisikiliza bila kuacha jembe. Ana miaka sabini na mmoja, na katika maisha yake hajawahi kufika zoezini amechelewa hata mara moja. Aliuliza bendi hiyo ni ya kilevi au ya muziki. Kisha akatoa hukumu yake, fupi, na kila mtu wa kikundi aliijua kufikia jioni. Watu wanaoijua kazi wakisema Rogathe ni mpigaji, yeye mwenyewe ataiambia kamati kwamba saksofoni imepata mwenyewe, isiguswe. Wakimkataa, ataichukua palepale ukumbini. "Nitakuwepo," alisema. "Siwezi kushuka hadi Same halafu nipande mlima mikono mitupu."

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza, kwenye shimo la jasi, saa ya chakula, mwalimu akiwa dereva wa kijiko.

Siku tatu za kwanza zilikuwa ugomvi. Ernest alizijua kodi kwa herufi, kama wapiga gitaa wote: D maina, G saba, C. Kodi, yaani sauti tatu au nne zinazolia pamoja, kwake ilikuwa umbo la vidole kwenye shingo ya gitaa. Rogathe hakujua herufi hata moja. Amelelewa kwenye solfa, ambamo wimbo unaandikwa kwa do, re, mi, na juu ya karatasi inatajwa do ya leo iko wapi. Leo hapa, kesho pale, do ni kiti cha mwenye nyumba na nyumba inaweza kuhamia popote. Ernest akisema D, Rogathe anauliza hiyo D ni nani katika ukoo. Ernest akikasirika, Rogathe anauliza tena. Vijana wa machimbo waliokaa ukingoni kusikiliza walicheka: Mpare bwana, hata noti anaifungulia kesi.

Hatimaye Rogathe alimwambia: "Herufi ni za gitaa lako. Mimi nionyeshe do tu, nitajitafutia wenzake."

Ikawa. Ernest alifungua daftari kwenye ukurasa wa modi, yaani njia za kuzipanga noti saba. Mkuu wa bendi yake ya zamani alikuwa ameandika majina kwa kalamu nyekundu: Doria, Frigia, Lidia, Misolidia. Rogathe aliposoma alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Frigia na Lidia anawajua, alisema, wako kwenye Matendo ya Mitume; Paulo alipita kwao. Majina hayo Wazungu waliyaokota kwa Wagiriki wa kale, wakayabandika kwenye muziki ambao Wagiriki wenyewe wasingeutambua, lakini jambo lenyewe ni jepesi. Chukua noti saba zilezile. Anzia re uishie re, hiyo ni Doria, na inafaa juu ya kodi iliyojengwa juu ya re. Anzia so uishie so, hiyo ni Misolidia, ya kodi ya so. Nyumba ni moja. Unabadilisha mlango wa kuingilia.

Kwa wiki mbili alipanda na kushuka milango hiyo. Kuluthumu, ambaye kwao ni Pangani na hakuwahi kuficha neno, alimletea makande shimoni akasikiliza mikono kiunoni.

"Shoga, siku ya kumi leo unapanda ngazi na kushuka. Huko juu umesahau nini?"

Tatizo halikuwa ngazi. Tatizo lilikuwa do. Mtu aliyekulia kwenye tarumbeta za kanisa hujua jambo moja kuliko yote, kwamba wimbo unarudi do, na ukifika do unashusha pumzi. Rogathe angeanza Doria vizuri kwenye re, na kabla hajajua, vidole vimempeleka do, kakaa, katulia, kama ng'ombe aliyesikia mlango wa zizi. Juu ya kodi ya re haikuwa vibaya sana. Lakini Ernest akipiga kodi ya so, ndani yake kuna ti inayolia, na do ya Rogathe ilikalia kichwa cha ti hiyo ikakwaruza. Ernest alikunja uso kila mara. Alimkataza do kabisa kwa siku mbili. Rogathe akawa anapiga kama mtu anayeruka ngazi iliyovunjika.

Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuna kitabu cha muziki kingemshauri. Alichukua hati moja ya mizani, akapiga mistari nyuma yake. Upande huu kodi ya re: re, fa, la, do. Upande ule kodi ya so: so, ti, re, fa. Kisha kodi ya do: do, mi, so, ti. Akaanza kuulizana nazo kama wazee wa Mhezi wanavyouliza kwenye kesi ya mpaka, wakiwa wamesimama kati ya mistari ya masale, mimea inayopandwa mipakani: nani amehama, nani amebaki? Re amebaki. Fa amebaki. Do amehama, kashuka hatua nusu, amekuwa ti. Mpaka wa pili: ti amebaki, fa amehama, kashuka hatua nusu, amekuwa mi. Aligundua kwamba kati ya kodi mbili nusu yao hawaendi popote. Katika wanaohama, mmoja anasogea kidogo tu, na kusogea kwake ndiko kunakobadilisha nyumba nzima.

Alimwonyesha Ernest. Ernest aliitazama karatasi muda mrefu, akasema kwamba mkuu wake wa bendi alikunywa pombe miaka thelathini bila kumweleza hilo.

Kilichobaki kilikuwa wakati. Hapo Rogathe hakuhitaji mwalimu, maana amekua kwenye mfereji. Nyumbani kwao maji hutoka ndivani, bwawa la kumwagilia mashamba, kwa zamu, na zamu ikifika, anayesubiri aone maji ndipo achimbue tope la mlango wake, amechelewa. Yamekwenda kwa jirani. Unafungua kabla. Basi akaanza kugeuka kabla ya kodi, nusu ya pigo mapema. Ernest alikuwa akitikisa kichwa kwa kufurahi, na wale vijana wa ukingoni waliacha kucheka wakaanza kula polepole.

Hata hivyo, kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekisema kwa sababu hakuna aliyekiona. Yote hayo Rogathe aliyajua kama karatasi. Alipofumba macho kupiga solo, alipiga ngazi zake, Doria hii, Misolidia ile, juu kabisa, mbio, kwa kuwa aliamini kwamba mtu akisimama peke yake mbele ya watu ni lazima apige kama sauti ya kwanza.

Siku ilifika. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na mapazia ya zambarau yaliyobaki kwenye harusi. Redempta alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, anayesema haraka, na nyuma yake mpiga besi na mpiga ngoma waliokwisha kuchoka. Kabla yake walikuwa wamesikiliza wapigaji wawili kutoka Moshi. Ernest alikaa mbele. Kuluthumu alikuja pia, amevaa kanga mpya, akisema anataka kuona mwisho wa ngazi. Na kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, kofia magotini, alikaa Mwalimu Zephania.

Redempta alimpa karatasi ya wimbo aliotunga mwenyewe. Aliuita Mvua ya Vuli. Ulikuwa na kodi nyingi, zote kwa herufi. Rogathe aliomba penseli na dakika tano, Ernest akamnong'oneza herufi, na yeye akaandika juu ya mistari jambo moja tu: do iko wapi. Ilianza hapa. Baada ya vipimo vinane ilihama. Ikahama tena. Kisha ikarudi nyumbani. Pale ilipohama aliandika daraja, kama inavyoandikwa kwenye karatasi za kwaya, noti moja yenye majina mawili: so ya nyumba ya zamani ni mi ya nyumba mpya, do hiyo itakuwa so ya inayofuata, na mi ya mwisho ndiyo do ya kurudi nyumbani.

Redempta aliinama akatazama. Aliuliza hiki ni nini.

"Njia ya do."

Mpiga kinanda alirudi kukaa, akahesabu hadi nne, wakaanza.

Rogathe alipiga vizuri. Hilo liandikwe. Hakukosea noti hata moja. Alipanda Doria akashuka Misolidia, do ilipohama alihama nayo, iliporudi alirudi salama. Ilikuwa kama kusikia mtu akisoma orodha ya mahudhurio ya darasa, kwa sauti nzuri, bila kuruka jina. Mpiga ngoma alianza kutazama simu yake huku akipiga. Walipomaliza, Kuluthumu alipiga makofi peke yake, akaacha.

"Asante sana, dada," Redempta alisema kwa upole. "Umepiga kila kilichotakiwa. Mimi nilikuwa nasubiri uanze."

Kwenye kiti cha mwisho Mwalimu Zephania alivaa kofia. Alikuja mbele taratibu katikati ya viti, magoti yake yakiwa hayana haraka, akasimama mbele ya Rogathe, na mkono tayari umenyooshwa kupokea chombo. Rogathe alianza kuvua kamba shingoni.

Kisha mzee akasema kitu, si kwa hasira, bali kama anayesahihisha zoezi.

"Ile uliyopiga haikuwa sauti yako. Nimekusikia miaka ishirini na mitatu, naijua. Wewe hukimbii. Wewe unakaa katikati, wenzako wakiyumba unawashika. Leo umevaa koti la mtu mwingine."

Rogathe alibaki na kamba mkononi. Kichwani mwake karatasi ya masale ilijikunjua yenyewe, na safari hii haikuwa karatasi. Do anashuka kuwa ti. Fa anashuka kuwa mi. Hiyo si kesi aliyoifungua machimboni. Hiyo ni mistari aliyoipuliza kila Jumapili tangu akiwa na miaka kumi na sita, mwisho wa kila ubeti, wakati sauti ya kwanza imesimama juu ikisifiwa na watu wote. Yule mmoja anayehama wengine wakibaki, anayebadilisha nyumba bila kuonekana, alikuwa yeye. Alikuwa anajua kupiga jazi kabla hajajua neno lenyewe, na mwezi mzima alikuwa amelificha jambo hilo chini ya ngazi.

Alirudisha kamba shingoni.

"Mwalimu, naomba ukae," alisema. Kisha akamgeukia Redempta. "Dada, naomba mara moja nyingine. Kama si hivyo nitaondoka mwenyewe."

Redempta alitazama saa, akawatazama wenzake, akahesabu hadi nne.

Safari hii Rogathe alianza na noti moja. Do, chini, katikati ya chombo, ndefu, juu ya kodi ya re, haikuwa na haraka ya kwenda popote. Ernest alishika kiti. Aliijua hatari ya do hiyo. Na nusu ya pigo kabla kodi haijageuka, do ikashuka ikawa ti, laini, kama mtu anayeketi. Kinanda kilipofika kwenye kodi ya so kilimkuta amekwisha kufungua mlango. Redempta aliinua kichwa.

Fa ikangoja. Ikangoja zaidi ya ilivyotarajiwa, mpaka mpiga besi akageuka kutazama, ndipo ikateremka kuwa mi, na ukumbi mzima ukahisi kitu kimetua bila kujua ni nini. Hapo Rogathe alikuwa na nguzo zake. Sasa akaanza kutembea kati yake, na zile modi zote alizozipanda shimoni zikawa njia badala ya ngazi: Doria kidogo ya kuzungukia nguzo hii, vipande vitatu vya Misolidia vya kufikia ile, kisha anakaa tena, anawashika wenzake. Do ilipohama hakuruka. Alishikilia so, akaiacha iwe mi ya nyumba mpya huku kodi zote zikibadilika chini yake, na noti ileile ikasikika kana kwamba jua limetoka upande mwingine. Mpiga ngoma aliweka simu mfukoni.

Mwisho wa mzunguko Rogathe alishusha chombo, akidhani amemaliza. Redempta hakuacha kupiga. Aliinua kidole kimoja juu ya kinanda: tena.

Mzunguko wa pili alipanda. Hakupanda kwa kuwa sauti ya kwanza hupanda. Alipanda kwa sababu mstari wake wa katikati ulikuwa umepata nguvu ya kuinuka wenyewe, na alipofika juu aliichukua ile do inayokwaruza, akaikalia makusudi, akawafanya watu wangoje, kisha akaiachia. Mhudumu wa hoteli aliyekuwa anapita na sinia alisimama. Dereva mmoja wa lori la masafa marefu aliingia kutoka barabarani akiwa na chupa ya soda, akabaki mlangoni. Redempta akainua kidole. Tena. Mzunguko wa tatu walikuwa wakicheza, yeye na kinanda: Redempta alibadilisha kodi moja kwa ujanja, akaweka ngeni mahali pa iliyozoeleka, na Rogathe akauliza swali lake la mpakani katika muda wa pigo moja, nani amehama, akampata, akaenda naye. Redempta akacheka bila kuacha kupiga. Wa nne waliupiga wote wanne kama watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi, na ulipofika mwisho, do haikuwa zizi tena. Rogathe aliiacha ikapita, akaishia mi, juu, wazi.

Kuluthumu ndiye aliyesema wa kwanza. Alimwambia dereva wa lori, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba yule pale ni shoga yake na anakula kwake kila siku.

Redempta aliondoka kwenye kinanda akaja kumshika mkono kwa mikono miwili. Alisema Jumatano wapo Moshi, Ijumaa Arusha, kisha wanarudi; kama kazini kwake wanampa likizo, aje; kama hawampi, aje vilevile, watapanga ratiba kwa kumfuata. Alimwuliza amesomea wapi.

Rogathe alimwonyesha Mwalimu Zephania.

Mzee alikuwa amekaa mstari wa mbele, kwenye kiti cha Ernest, maana Ernest alikuwa amesimama juu ya kingine. Redempta alimwendea akapiga goti kidogo, akasema shikamoo mwalimu. Marahaba, akajibu, kisha akasema kwamba huyo binti ana tabia moja mbaya, ya kuingia nusu ya pigo mapema, amemkemea miaka mingi.

"Naomba usimkemee tena," Redempta alisema.

Mzee alilifikiria ombi hilo kwa haki. "Jumapili tutaona," alisema. Kisha akamwambia Rogathe kwamba kamati ataiona kesho baada ya ibada, na usharika wa jirani watatafuta saksofoni yao.

Walipanda mlima jioni ile kwenye lori la tangawizi, lililotua mzigo wake Same na sasa linarudi na magunia matupu. Ernest na Kuluthumu walishukia Makanya wakiwa bado wanabishana nani kati yao aliyemfundisha zaidi. Wakabaki wawili nyuma, mzee ameegemea ubavu wa lori, Rogathe kwenye magunia na saksofoni kifuani. Barabara ilianza kupinda, vumbi likaisha, hewa ikapoa, na migomba ikaanza kujitokeza kila upande wa njia.

Kwenye kona ya kwanza ya nyumba za Mhezi, Mwalimu Zephania alikohoa, akasafisha koo, akatia sauti wimbo wa mavuno. Aliimba sauti ya kwanza, polepole, bila pambo lolote, kama alivyofundishwa. Kwenye mstari wa pili alinyamaza akamgeukia.

"Wimbo nitaushika mimi," alisema. "Wewe nenda."

Naye Rogathe akaenda. Lori lilipanda likipiga honi kwenye kona, watu wakatoka kwenye vihamba, mashamba yao ya kando ya nyumba, wakiwa na majembe mabegani, wakasimama kando ya njia wakisikiliza wimbo wanaoujua tangu utoto, na karibu nao, juu yake, chini yake, ukipita katikati, mwingine ambao hawakuwahi kuusikia, ingawa ulikuwa umewashika kila Jumapili.